Mshipa ni Mshipa

Nashon alitapika damu kwenye mfereji wa damu ya ng'ombe, kwa hivyo hakuna aliyeona. Kichinjioni Kitengela damu haiulizwi ni ya nani. Mara ya pili alianguka juu ya matumbo, na hapo msimamizi akakasirika: nyama itachafuka!

Hospitalini Kajiado, mwaka wa tisini na nne, Daktari Gitonga hata hakuketi.

"Asidi imekula tumbo lako. Wengine huua mshipa kwa dawa ya sindano. Sisi tunakata."

"Mshipa gani, daktari?"

"Mshipa ni mshipa, mzee. Unataka kupona ama unataka masomo?"

Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Nashon akaweka kidole.

Alirudi kazini na kovu kutoka kifuani mpaka kitovuni. Mwanamume akitaja mshipa, watu hutazama chini ya mshipi. Simel, mchinjaji mwenzake, alitazama na kucheka.

"Lakini kovu liko juu," Nashon akajitetea.

"Ng'ombe tunamkatia chini, wewe umekatiwa juu. Mshipa si ni ule ule? Sopa, maksai! Mimi Maasai, wewe maksai. Tumepitana herufi moja tu."

Kichinjio kizima kikaangua kicheko. Nashon pia alicheka, kisu mkononi. Tangu siku hiyo hakuitwa jina lingine.

Mwezi wa nne tangu akatwe, mkewe Wilkister alimwambia, "Baba Melvin, niko na mimba."

"Ya nani?"

"Ati ya nani? Si yako!"

"Yangu ilikatwa."

Alimpiga kwa mpini wa shoka la mifupa. Tumboni. Mara tatu. Kazi yake ilikuwa kujua mnyama hufia wapi. Damu ilipofika mlangoni ndipo alitupa mpini, akambeba. Gari lililokubali kuwapeleka Kajiado ni pikapu ya nyama.

Gitonga alifungua faili ya zamani, akacheka.

"Ni mshipa wa tumbo, bwana! Ule wa kuamrisha asidi. Huko chini hatukugusa. Nani alikuambia ni huko?"

"Hakuna mtu aliniambia kitu, daktari."

Kicheko kikakatika. "Mtoto ameenda. Huyu mama naye lazima tumkate, sasa hivi."

"Mumkate nini?"

"Weka kidole."

Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Nthenya, muuguzi, alipekua droo akitafuta wino. Akakitazama kidole cha Nashon, bado kimelowa damu, akafunga droo.