Paja ya Mugeni

Kitabu cha informatike, somo la kompyuta, kiliandikwa na mutu ambaye hajawahi kukanyaga Walikale, na mimi nilimuchukia mutu yule mwaka muzima. Mufano wake wa kwanza ni asansere, kile chumba kinachopandisha watu ghorofani. Wa pili ni gari-moshi. Wa tatu ni ile mashini ya ukutani inayotema pesa. Haya, simama mbele ya watoto ambao nyumba ndefu kuliko zote wanayoijua ni kanisa, uwafundishe asansere! Walikariri. Kama mutu amebonyeza tatu, panda. Kama hapana, shuka. Nikiwaambia waandike programu yao wenyewe, wananiandikia asansere ile ile na kuibadilishia jina. Nilikuwa narudi nyumbani na hasira hadi chakula kinanishinda.

Naitwa Francine Mukamurenzi. Mimi ni mutoto wa Bihambwe, kule Masisi, kwa vilima, kwa viazi na maziwa. Nilikuja Walikale kufundisha mwaka mumoja tu. Binti yangu Plamedi nilimwacha kwa mama yangu, nikamwambia nitarudi na viatu. Kisha vita ikaja kukaa katikati ya barabara, na viatu viko bado chini ya kitanda changu. Sasa havimutoshi tena.

Rezo ya simu ya Bihambwe inashika siku inapotaka. Mara ya mwisho iliposhika, Plamedi aliniambia, "Mama, jino yangu imetoka. Nimekuwekea kwa kikopo. Kuja uone." Nikamwambia nakuja. Simu ikakatika. Nilibaki nimeishika sikioni kama mujinga, na pori limenizunguka pande zote. Mimi nilizaliwa mahali ambapo mutu anaona mbali. Hapa naona miti, na nyuma ya miti, miti.

Njia iliyobaki ni ya moto, zile pikipiki, ndani ya pori, na juu yake kuna barieri za vijana wenye bunduki. Mutu wa hapa havuki. Akienda upande ule kisha akarudi, wanasema ni mupelelezi, na mambo yake yanaisha vibaya. Mugeni tu njo anapita, tena mugeni mwenye neno la Papa Noël.

Papa Noël ni mukubwa wa wawindaji wa mutaa wetu. Vijana wa barieri, karibu wote, ni watoto wa dada zake. Wakristo walimubatiza jina la Krismasi, na mimi, mutu muzima, nilikuwa kweli namungojea anipe zawadi. Akaniahidi. "Mwalimu," akasema, "maliza mwaka na batoto yetu. Siku ya wazazi ikipita, kesho yake moto zinaenda mupaka Nyabiondo. Nitasema weye ni mugeni wangu. Utapita." Kutoka Nyabiondo, hata kwa miguu ningefika kwa mutoto wangu.

Basi ilibaki jambo moja. Prefe Gustave, mukubwa wa shule yetu, alitaka siku ya wazazi watoto waonyeshe programu waliyoandika wenyewe. Yeye ni mugeni kama mimi, mutu wa Butembo, anapenda mambo ya kuonekana. "Lakini si asansere, Madame Francine," akaniambia. "Mara hii si asansere!" Sawa, si asansere. Sasa nini?

Jibu nililikuta nyuma ya nyumba ya Papa Noël, Jumamosi moja, wawindaji wametoka porini na nyavu mabegani na mbwa wenye kengele za mbao shingoni. Nguruwe ya pori ilikuwa juu ya majani, inapasuliwa. Mimi nilikuwa nimekwenda kuuliza habari ya moto, tuseme kweli, kwa mara ya mia. Nikasimama pale. Papa Noël alikuwa anagawa, na hakuna aliyebishana naye. Nikamuuliza kwa nini shingo imeenda kwa yule na si kwa huyu.

"Mbwa yake njo iliinua nyama," akasema. "Mbwa ikiinua, shingo ya mwenye mbwa. Kama nyama imeingia nyavu bila mbwa, shingo ya mwenye nyavu. Mugongo ya ule alichoma mukuki wa kwanza, hata kama mukuki wa pili njo iliua."

"Na kama mukwe wake iko pale?"

"Kama mukwe iko, kifua kwanza kwa mukwe. Kama haiko, kifua kwa mukubwa wa nyumba."

Mungu wangu! Nilipiga kelele, "Hii njo programu!" Wakaniangalia wote kwa huruma, wakadhani malaria imenipanda kichwani.

"Na mimi?" nikauliza. "Mimi napata nini?"

"Weye mugeni. Paja." Akamwita muke wake. "Dorothée, fungia mwalimu."

Mama Dorothée akalilaza paja kwenye majani mapana, akalifunga na kamba ya muti, safi, na mushikio wa kubebea. Nikamwambia asijisumbue, nakaa hapo karibu tu. Akacheka. "Dada, mugeni anafungiwa. Kwa sababu iko na barabara mbele yake. Mutu wa hapa njo anapewa maini kwa sahani wazi, apike leo leo. Atakwenda nayo wapi?"

Nilibeba paja langu hadi nyumbani, na nilikuwa na furaha kweli. Barabara mbele yangu! Niliamini hata kamba ya muti.

Jumatatu nikafuta asansere kwa tablo. Nikaandika: nguruwe imeuawa, shingo ni ya nani? Watoto ambao mwaka muzima walikuwa wananisinzilia wakasimama juu ya benchi. "Inategemea mbwa, Madame!" "Na kama mbwa ni ya kuazima?" "Kwetu mbwa ya kuazima inakula nusu!" Wakaenda kuuliza nyumbani, wakarudi na sheria ndani ya sheria, kama ndani ya kama, na wakaziandika wenyewe kwa mashini yetu moja, kompyuta inayokula jua la paa. Sikuwafundisha kitu tena. Nilikaa tu nyuma, nikijikuna kichwa, nikisema, "Mumesahau mukwe."

Aliyekuwa mbele yao wote ni musichana mumoja. Nitamwita Aurélie, na hilo si jina lake. Mutaelewa kwa nini. Ana akili ya kutisha. Lakini mwisho wa programu aliandika: kwa nyama nyingine yoyote, uliza wazee.

"Aurélie," nikamwambia, "hiyo ni programu ya muvivu. Mashini haiulizi wazee. Maliza kazi yako."

Akaniuliza kama ni lazima. Nikasema ni lazima, nikamukaripia hata, mbele ya wenzake, kwa sababu mimi mudomo wangu unatangulia. Siku iliyofuata ule mustari haukuwepo tena. Badala yake kulikuwa na nyama nyingine, jina kwa Kifaransa, na ugawaji wake. Niliona imekamilika, nikaipa alama zote. Ningejuaje? Sisi kule Masisi tunakula maharagwe!

Siku ya wazazi ilikuwa nzuri. Prefe alikodi jeneratere, tukarusha picha ya mashini kwa ukuta mweupe wa darasa. Wazazi walijaa hadi madirishani. Papa Noël alikaa mbele, na karibu yake baba ya Aurélie, mwenzake wa nyavu. Wakaita majina ya nyama, Aurélie akaandika, ukuta ukajibu. Mboloko, bila mbwa, mukwe iko! Ukuta unagawa. Nungu, mbwa ya kuazima! Ukuta unagawa, na mbwa inapata nusu. Watu walicheka hadi machozi. Papa Noël alinigeukia akasema kwa sauti, "Mashini yako ina akili ya wazee, mwalimu!" Mimi nilikuwa nimekwisha kufunga mufuko wangu. Viatu vya Plamedi nilivitia juu kabisa, ingawa ni vidogo. Nilitaka aone kwamba sikumusahau.

Kisha Prefe Gustave, kwa sababu lazima naye aonekane, akasimama akataja nyama ile moja kwa Kifaransa. Sitaitaja. Ni ile yenye magamba. Mutu wa hapa, hata mwenye kuimba kwaya kila Jumapili, haitaji ovyo, na ugawaji wake unajulikana na wanaume waliopita jando kule ndani ya pori tu. Wanawake hawausikii. Lakini Prefe ni mutu wa Butembo. Alidhani anatuheshimu.

Aurélie hakugusa kitu. Prefe mwenyewe akainama, akaandika, akabonyeza. Ukuta ukajibu. Maneno makubwa, mbele ya mama zao, mbele ya dada zao: kichwa ya nani, mukia ya nani, magamba ya nani.

Kelele iliisha ghafula. Ilibaki jeneratere peke yake. Mama mumoja alifunika macho ya mutoto wake, kisha akafunika ya kwake. Papa Noël alisimama, akauchomoa yeye mwenyewe waya wa ile picha, na ukuta ukabaki mweupe.

"Nani aliambia mashini?" akauliza.

Niliangalia Aurélie. Alikuwa ameficha mikono chini ya meza. Baba yake alikuwa anaangalia sakafu, na hapo njo nilielewa yote. Aliyasikia kwa baba yake. Na kama ni yeye, basi imekwisha: musichana aliyejua yale haolewi hapa tena, na baba yake hatakaa tena na wenzake, wala kwa nyavu, wala kwa pombe, wala kwa kilio. Na mimi njo niliyemwambia ni lazima.

Nitasema ukweli: nilifikiri kunyamaza. Nilifikiri jino ndani ya kikopo. Moto zinaondoka kesho, nikajisemea, nyamaza tu, Francine, wewe si wa hapa. Ningeweza. Nilikuwa na hasira na Prefe, na kitabu, na pori, na hata na mutoto yule kwa akili yake yote.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi njo niliandika."

"Weye ulijua wapi?"

"Nilisikiliza ukutani, Papa. Siku munagawa. Munisamehe, mimi ni mutu bila adabu."

Alinitazama, waya bado mukononi. "Mugeni anayesikiliza ukutani," akasema, "siwezi kumusindikiza na neno langu." Akatoka, na watu wakamufuata, benchi baada ya benchi. Aurélie alitoka nyuma ya baba yake bila kuniangalia.

Kesho yake, asubuhi, nilisikia moto zikipita mbele ya nyumba yangu. Nilikuwa nimekaa juu ya mufuko wangu. Zilipanda ule mwinuko wa kanisa, zikasikika bado kidogo, kisha pori likazimeza. Nililia kwa sauti, majirani wasikie kama wanataka. Rezo haikushika siku ile, na nilishukuru, kwa sababu ningemwambia nini?

Baada ya hapo niliishi kama mutu anayengoja hukumu. Shule ilifungwa kwa likizo. Nikienda sokoni, wamama wananiuzia na hawanisemeshi. Lakini nilijua moto zitarudi na zitaenda tena. Nilijiambia: Papa Noël atapoa. Mutu wa namna ile hawezi kukasirika milele. Siku atakaponisamehe, nitaona mutu anakuja na kifurushi cha majani, nitakuwa tena mugeni wake, na nitapita. Kila wawindaji walipotoka porini, niliposikia kengele za mbao, nilikuwa nasimama mulangoni.

Siku moja Mama Dorothée alikuja. Nilimuona tangu mbali, mvua imeanza kunyunyiza, amebeba kitu chini ya kitenge chake. Nilimukimbilia hadi barabarani, nikamushika mikono, nikamuingiza, nikamupa kiti changu kimoja.

"Papa anakusalimia," akasema. "Anasema hivi: kule maneno ile inasemwa, ni porini. Hakuna ukuta kule."

Basi alijua. Alijua tangu siku ile, amesimama na waya mukononi.

"Anasema mutoto ni mutoto yetu, na weye ulimufunika. Alizungumuza na baba yake, polepole, iliisha. Anasema mugeni hawezi kufanya vile. Mugeni angelisema na kwenda zake." Mama Dorothée alikuwa anatabasamu, na macho yake yana maji. "Wote wamekubali. Hata bale vijana wa barieri, amewaambia."

"Amewaambia nini, Mama?"

Alifungua kitenge chake, akaweka juu ya meza yangu sahani. Maini ya nguruwe, mabichi, yanang'aa. Sahani wazi. Hakuna majani, hakuna kamba.

Niliyaangalia. Programu ile niliifundisha mwenyewe, mustari kwa mustari, nilijua jibu kabla sijauliza. Nikauliza vilevile.

"Mama, na paja? Papa hakukupa paja? Unifungie paja, nakuomba, hata kidogo tu! Nifungie kwa majani!"

Alidhani nafanya muchezo. Akacheka, akanipiga bega kama vile wanapigana mabega wao kwa wao, mara ya kwanza tangu nifike.

"Paja ni ya wageni, binti yangu," akasema. "Weye uende wapi?"

Nikapokea sahani kwa mikono miwili, vile wanavyopokea hapa, nikasema aksanti. Kisha nikaenda kuwasha makala ya kupikia.