Binti Yangu Alivyowekwa Waya wa Ubongo

Walisema daktari akishaiwasha ile mashine ya kupasulia ubongo anakwenda zake kunywa chai, inabaki peke yake ikitoboa kichwa cha mtu. Wifi yangu ndiye aliyeniletea maneno hayo, nayo yakaniganda. Hata nikipepeta mchele nilikuwa naisikia ikikereza.

Binti yangu ni msusi. Mkono wa kulia ulianza kumtetemeka, dawa zikashindwa, wateja wakahama. Daktari akasema wataingiza waya mwembamba ndani kabisa ya ubongo, umeme kidogo uutulize mkono. Naye atakuwa macho! Akakubali, ila mama awepo. Nikavalishwa joho na kofia, nikawekwa nyuma ya kioo.

Kichwa chake kilikuwa kimekazwa kwenye fremu ya chuma. Mashine yenyewe ni mkono mrefu mweupe. Ulishuka, ukajipinda, ukasimama tuli juu yake. Nikajikuta napumua kwa adabu.

"Tunaiita Bi Taratibu," muuguzi akaninong'oneza.

Daktari hakwenda popote. Ndiye aliyetoboa, ndiye aliyesukuma waya. Mashine ilimshikia njia tu, asikosee hata kwa upana wa unywele.

"Nionyeshe mkono," akasema.

Mwanangu akaubana chini ya paja, kama afanyavyo saluni.

"Siwezi kupima nisichokiona, dada."

Wapi! Na bila kuuona, wasingejua kama waya umefika penyewe. Muuguzi akanisogezea kipaza sauti.

"We mtoto, toa huo mkono! Hapa hujaletewa posa."

"Mama, wananiangalia."

"Si ndicho walichojia? Uache ucheze."

Akacheka, akautoa. Ukaruka huku na huku. Daktari akaongeza umeme kidogo, kidogo tena. Ukapungua. Ukatulia, palepale, mbele ya macho yangu! Mwanangu akautazama kana kwamba ameuazima. Akapewa kalamu, akachora duara, likafunga.

"Mama, umeona?"

"Nimeona," nikamjibu kwenye kipaza sauti. Nilikuwa nimeshakaa sakafuni.

Wazazi wenzangu, epukeni haya:

- Kuuliza habari za operesheni kwa mtu ambaye hajawahi kuiona.
- Kumwambia mgonjwa afiche kutetemeka. Mbele ya daktari autoe mkono wote.
- Kumpa dawa au kumnyima kwa akili zenu, hasa asubuhi ya operesheni.
- Kumharakisha kazini. Umeme hurekebishwa polepole, kliniki baada ya kliniki.
- Kumpitisha kwenye sumaku kubwa kabla ya kuuliza. Ana betri kifuani, ndiyo inayoupa waya umeme.