Miwani ya Mwenyekiti

Kazi yangu ni kufuta. Nakaa mbele ya skrini ya mtandao wa kijamii, yakinipitia maneno ya watu nisiowajua: matusi, vitisho, picha za ajali ambazo hazikutokea. Bonyeza, futa. Bonyeza, acha. Bosi wangu husema nina mkono mwepesi, nami hufurahi akisema hivyo.

Basi ungedhani mtu kama mimi hawezi kushindwa na shangazi yake.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na tunamwita Redio kwa sababu hazimwi. Hujapiga hata mswaki, kundi la familia la simuni limeshajaa: usinywe maji umesimama, usilale karibu na simu, watumie na wenzako. Hatungi kitu, anapokea na kurusha. Tulikuwa tukicheka tu, mpaka aliporusha kwamba dawa za presha zinaua figo, na kwamba daktari bingwa mmoja anatibu kwa maji ya kitunguu saumu. Baba ana presha. Akaacha dawa.

Niligundua nilipokwenda kuwasalimia. Kopo la vidonge limejaa, nyumba nzima inanuka kitunguu, na baba anashika ukuta ndipo ainuke. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali. Wasimamizi wa kundi ni mimi na mama. Nikaufuta ujumbe wa shangazi palepale, nikamwandikia mbele ya wote aache kueneza uongo.

Kumbe nimechokoza nyuki. Shangazi akajitoa kundini. Baba naye akajitoa, kumuunga mkono dada yake.

"Mnamfunga mdomo mkubwa wenu," aliniambia. "Na kinachofutwa mbio hivyo, mwanangu, ndicho chenye ukweli."

"Baba, hii ndiyo kazi yangu!"

"Basi kaifanye kazini."

Nikamfuata mama kwenye chumba chake cha kushonea, ambako baba haingii kwa kuogopa kukanyaga pini. Mama ni fundi cherehani, na kundini ndiye tunayemwita Mwenyekiti. Nikamwambia tumzuie shangazi asirudi tena.

"Wifi yangu nimfukuze kwenye familia ya baba yake? Una wazimu wewe." Akakata uzi kwa meno. "Ukimziba hapa atampigia baba yako simu, na huko hatutasikia kinachosemwa. Mwache aseme. Ila aseme yeye."

Sikumwelewa. Niliondoka nimenuna.

Kesho yake akawarudisha wote wawili, kwa kuwabembeleza, kisha akatuma ujumbe wa sauti: "Jamani, miwani yangu nimeikalia, imevunjika. Mpaka fundi anitengenezee, sioni herufi hata moja. Mwenye neno aliseme kwa mdomo wake mwenyewe. Cha kusoma nakifuta, msije mkanisengenya nisijue."

Mabingwa wote wa kurusha, walipotakiwa kufungua kinywa, hawakuwa na la kusema. Halafu taratibu binamu akatuma sauti ya mwanawe akiimba, mjomba akalalamikia goti lake, tukaanza kusikiana.

Shangazi alivumilia siku chache, kisha akarudi na kitunguu chake. Nilimsikiliza kazini, wakati wa chai.

"Kaka yangu, hizo dawa za presha ziache kabisa, zinaua figo. Amesema daktari... daktari mmoja..." Akasita. Nyuma yake mtu alikuwa anafagia. "Jina lake silijui. Hata sura simjui. Sasa mimi nikikwambia acha, halafu ukaanguka..." Fagio nalo likanyamaza. "Wewe nimekubeba mgongoni mimi! Meza dawa zako. Hicho kitunguu kakitie kwenye mboga. Kesho nitakuuliza."

Chai ilipoa nikiwa nimeishika. Baba alijibu kabla sijarudi mezani kwangu.

"Nimesikia, dada. Siku zote unanitumia maneno ya watu. Leo ndiyo nimekusikia wewe."

Toka hapo shangazi humwuliza kila asubuhi, naye baba hummezea vidonge simuni, glu-glu, ili asikie. Kliniki wamesema presha imeshuka. Mimi nina furaha, tena furaha ya kulala usingizi.

Juzi nilikwenda tena. Mama alinituma mkasi kwenye droo ya cherehani, nikakuta miwani imeviringishwa kwenye kipande cha flana. Mizima kabisa. Haina hata mkwaruzo.

"Mama! Umetangaza uongo mbele ya ukoo mzima?"

"Ndiyo." Hakuinua hata uso. "Si wewe mfutaji? Haya, futa."

Nilikuwa bado nimeishika mkononi niliposikia kandambili za baba zikija. Nikairudisha haraka, nikaisukuma droo kwa goti, nikachukua sindano na kuanza kumtungia mama uzi. Baba akachungulia kutoka mlangoni, mbali na pini.

"Huyo fundi wa miwani bado tu?"

Mama alinitazama.

"Bado, baba," nikasema. "Vioo vyake ni vya kuagiza."