Fomu za Deodata

Januari 1997 Bwana Maduhu, karani wa kumbukumbu za shahada ya uzamivu katika idara yetu ya biashara chuo kikuu, alifika nyumbani kwetu Bukiriro na faili langu kwapani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa huzuni, nikajua hakuja kwa heri.

Mwanafunzi mmoja alikuwa amekutwa akijaza mwenyewe madodoso yote ya utafiti wake chumbani, bila kumhoji mtu. Kwa hiyo sasa kila faili lilihakikiwa: aonekane mhojiwa mmoja, athibitishe kwamba alihojiwa kweli. Asipoonekana, mtafiti anafutwa. Sheria ya watu wasiowahi kutoka ofisini. Wafanyabiashara sitini niliowahoji katika kambi ya wakimbizi walikuwa wamesharudishwa Rwanda mwezi uliopita.

Wote isipokuwa Mukeshimana, aliyekuwa jikoni kwetu akichambua maharage.

Kule kwao waliwaua mumewe na kaka zake, akaapa harudi. Mama alimpokea, tukamwita Claudia, mpwa wake kutoka Mugoma, upande wetu wa mpaka. Ningemwonyesha Bwana Maduhu mara moja kama asingesindikizwa na mtendaji wa kata, ambaye wiki ile alikuwa akiandika majina ya wakimbizi waliojificha, wakamatwe na kurudishwa kwao.

Nikasema sina mhojiwa. Bwana Maduhu akanisihi, Deodata, fikiri, hata mmoja tu, miaka mitano si mchezo. Nilitaka shahada ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, sifichi.

Kosa langu ni kwamba tulizungumza uani. Mukeshimana alisikia yote. Na kwao, kama kwetu Wahangaza, ukila kwa mtu humwachi aaibike mbele ya wageni. Akatoka, mikono ina vumbi la maharage.

"Mimi alinihoji," akasema. "Fomu niliijaza mwenyewe."

Mtendaji akageuka kumtazama. Bwana Maduhu, masikini, akafurahi, akafungua faili na kumwuliza jina, apate kulitafuta. Jina lililokuwa mle lilifuatana na la baba yake na la mlima alikozaliwa, ng'ambo ya mpaka wa Rusumo. Mukeshimana akavuta pumzi.

"Huyu ni ndugu yangu, ananionea huruma," nikasema. "Fomu zote nilizijaza mimi. Hakuna niliyemhoji."

Bwana Maduhu alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. Alifunga faili, akatoa karatasi, nikaandika maneno yaleyale na kutia sahihi. Mtendaji alimwuliza Mukeshimana anatoka wapi. Akajibu, polepole, Mugoma.

Walipoondoka nililia kwa sauti, bila aibu. Mukeshimana alikaa chini kando yangu, akaendelea kuchambua maharage. Nilimchukia kidogo, nikamshika mkono.

Jumatatu lori la kupeleka watu mpakani lilipita mbele ya nyumba yetu. Halikusimama.