Beisi ya Kwanza Isikae Bila Mtu

Jana usiku niliota nimesimama katika uwanja wa shule ya Nasambu, mjukuu wangu, glavu ya ngozi mkono wa kushoto, leso kiunoni. Nasambu huchezea timu ya softiboli. Kule analinda beisi ya kwanza. Nyumbani analala chumba cha pili, kwangu, tangu akiwa wa kunyonya.

Ile beisi, kimto cheupe kilicholala chini, ikakohoa kidogo.

"Wewe ndiye wa beisi ya pili?"

"Naambiwa hivyo."

"Basi sikiliza, mama. Huyu mpigaji hatapiga. Ataugusa tu mpira kwa gongo, udondoke hapo karibu. Nasambu atakimbia mbele kuuokota. Akitoka, wewe unakuja kunikanyaga, udake mpira atakaokurushia."

"Nikichelewa?"

"Mpigaji akinikuta sina mtu, anachukua nafasi ya aliyeniacha. Hapa na nyumbani. Kitanda, kikombe, jina." Ilisema hivyo kama inayotaja siku ya soko.

Mpigaji ni msichana mrefu, viatu vyenye meno miguuni. Tayari amevaa sweta ya kijani ya Nasambu, ile niliyoishona kiwiko kwa uzi wa bluu.

"Kukhu," ananiita, kama Nasambu anavyoniita mimi bibi yake, "chai yangu usitie tangawizi."

"Mimi si kukhu yako."

"Bado," anasema, na anakinga gongo mbele kama anayepokea sahani.

Mpira unakuja. Unagusa gongo, unadondoka kwenye nyasi. Nasambu anatoka mbio.

Na mimi, badala ya kwenda kwenye beisi, ninaufuata mpira. Kwangu kitu kikidondoka, kijiko, yai, mtoto, mimi ndiye wa kuokota. Miguu haijui kazi nyingine.

"Kukhu, usije huku," Nasambu anasema, ameinama. "Geuka. Nenda kwangu."

"Na ukijikwaa?"

"Nitainuka. Wewe nenda."

Ninageuka. Si rahisi kumpa mtoto mgongo.

Uwanja sasa ni jikoni kwangu. Napita mafiga, naruka debe la mahindi, paka anasogea kwa adabu. Goti langu linaniambia nitangulie, litanifuata. Msichana anakimbia kando yangu, hata hahemi, anataja vitu akivipita.

"Kikombe changu."

"Naam," kikombe kinajibu.

"Kigoda changu."

"Naam."

Beisi imehamia kitandani kwa Nasambu. "Mama, naona anakushinda," inasema.

Msichana ananyoosha mguu. Nami natupa wangu. Mpira unapita juu ya bega langu, unaingia kwenye glavu, unasema, "Nimefika." Nani ametangulia, sijui. Naiuliza beisi.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, nami nimesimama chumba cha pili, unyayo wa kulia juu ya godoro. Nikaogopa kutazama aliyelala. Nikavuta blanketi polepole. Lilikuwa paji la uso la Nasambu, na kile kidomo chake kilichoachama.

"Kukhu, unanikanyaga nywele," akasema, akageukia ukuta.

Nikafungua mlango. Mvua ilikuwa imeacha tope uani. Nyayo za viatu vyenye meno zilitoka langoni, zimeachana sana, za mtu anayekimbia. Zilifika karibu na kizingiti, pakabaki nafasi ya hatua moja tu. Hapo ziligeuka, zikarudi langoni zimekaribiana, za mtu anayetembea.