Kahawa ya Alasiri Mjini Osaka

Baada ya kusali alasiri, Kuruthum alijaza chupa kahawa ya iliki, akapanga tende kwenye sahani yenye kifuniko, akaweka mkeka begani. Kisha alifungua mlango wa stoo, ambamo zamani mlikuwa na magunia ya mchele, na taa za Osaka zikaingia mpaka jikoni.

Ilikuwa nyumba ya kawaida ya mji wa Kiarabu wa Ibra, nyuma ya soko. Tangu mwezi wa Rajabu mlango ule ulikuwa ukifunguka kwenye mtaa wa starehe wa Kijapani, kuanzia alasiri hadi mwisho wa adhana ya magharibi. Ibra jua lilikuwa bado linawaka. Kule ulikuwa usiku, maana wako mbele kwa saa tano. Fundi Khattab aliitwa kukagua bawaba, akasema ni nzima. Mchele ukahamishiwa chini ya ngazi.

Bi Ghalia, mwenye nyumba, alitangulia na binti yake Wasan. Kuruthum, mfanyakazi wao kutoka Pangani, alikuja nyuma akihesabu hatua. Alikuwa na wiki mbili tu katika nyumba ile. Aliambiwa kwamba Safa, aliyekuwepo kabla yake, alitoroka.

Walipita ukumbi wa kuimbia wa ghorofa nane, kisha mashine za kamari zilizomwaga vigololi kama mvua juu ya bati. Vijana wenye suti walisimama milangoni wakiita wateja. Kuruthum alisoma Ayatul Kursiyu moyoni, na kila alipoimaliza aliianza tena. Hatua mia mbili na kumi. Wasan alitaka kuona mfereji, wakaenda mbele zaidi. Hatua mia nne.

"Watembea kama unafukuzwa na mbwa," Bi Ghalia alimwambia. "Watu hawa wana adabu zao. Haya, tandika hapa."

Alitandika mbele ya duka la mishikaki. Wapita njia waliuzunguka mkeka kimya. Mwanamke mwenye aproni na mikono iliyoloa akatoka dukani, akaketi nao.

"Shikamoo, Bi Ghalia."

"Marahaba, Safa. Ule mkono ulioungua?"

"Umepoa."

"Alhamdulillahi. Kuruthum, mpe kahawa." Kisha Bi Ghalia alimfuata Wasan, aliyeshatangulia mferejini.

Kuruthum alimimina. Safa alikunywa, akanyoosha finjani bila kuitikisa. Mgeni asipotikisa finjani huongezewa. Kuruthum alifundishwa hivyo siku yake ya kwanza Ibra. Akaongeza.

"Bi Ghalia aliusahau mkeka huu hapa," Safa alisema. "Akanirudisha kuuchukua. Adhana ikaisha, mlango ukajifunga. Magharibi ile ile akaandika karatasi ya polisi kwamba nimetoroka."

"Si unafunguka kila siku?"

"Nikivuka nakamatwa. Jina langu liko kwenye orodha ya watoro."

"Basi akalifute."

"Anasema ataulizwa kwa nini aliandika uongo. Anaona haya, mwenzangu. Niongeze. Nyie wa Pangani mnamimina kama dawa ya macho."

Finjani ya saba, ya nane. Bi Ghalia na Wasan walirudi, wakachukua sahani ya tende.

"Yallah, jua linazama," Bi Ghalia alisema.

"Mgeni hajatikisa, Bi Ghalia," Kuruthum alisema.

"Basi mmiminie. Na mkeka usiusahau."

Wakaenda. Punde adhana ya Ibra ikasikika, ikipenya katikati ya muziki.

"Tikisa, dada yangu," Kuruthum alisema.

Safa alinyoosha finjani. Mkono wake ulitulia kabisa. "Kukaa peke yangu kumenichosha," alisema.

Kuruthum alimwachia chupa mapajani, akakimbia bila viatu. Watu walimpisha. Muadhini alipofika mwisho, mlango ulikuwa umebaki upana wa bega. Akaingia ubavu, na nguo ikachanika.

Jikoni, Wasan alikuwa akiosha zabibu. Bi Ghalia alikaa mezani na kalamu. Kwenye karatasi alikuwa ameshaandika jina la Kuruthum, la baba yake, na nambari ya paspoti.

"Ah, umefika," alisema. "Mkeka?"

"Safa ameukalia."

"Na chupa?"

"Anayo yeye."

"Kesho mwambie aioshe kabla ya kuirudisha."

"Naam, Bi Ghalia."

Kuruthum akaenda kutawadha. Bi Ghalia aliikunja karatasi vizuri, bila kuichana, akaitia kwenye mtoto wa meza.