Inchi Mbili za Delbert

"Tano," alisema Milo, ndugu wa marehemu mume wangu Delbert, juu ya kichwa changu. "Weka pete ya tano ya mnyororo, shemeji. Delbert siku zote aliweka ya tano."

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye changarawe, tepu ya kupimia mdomoni, mkono mmoja ukiwa umeshika madigadi ya mbele ya pikapu. Mtu mwenye chuma mdomoni ana udhuru wa kutojibu, na asubuhi ile nilikuwa natafuta udhuru wa kila aina. Nyuma ya Milo walikuwa wameshaketi wanaume watatu wa kambini, kila mmoja na kiti chake cha kukunja na kikombe chake cha kahawa. Kambi za trela, hizi nyumba za magurudumu, ndivyo zilivyo: mtu akianza kuunganisha yake na gari, viti vinatoka. Hakuna anayealikwa. Kwa mwanamume hutoka viti viwili. Kwa mjane hutoka vyote vilivyopo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Mei, kando ya ziwa, nje ya Ogallala, na upepo wa Nebraska ulikuwa umeamka mapema kuliko sisi. Saa sita mchana mwanangu Curtis angefika kutoka Omaha pamoja na mnunuzi. Mnunuzi angeichukua trela, Curtis angenichukua mimi. Chumba changu kilikuwa tayari, chini ya nyumba yake, chenye kidirisha kinachotazama miguu ya wapita njia. Alikuwa ameshatundika mapazia. Nilikuwa na miaka sitini na minane, sina ugonjwa wowote isipokuwa kufiwa.

Curtis hakuwa mtoto mbaya. Alinipigia simu na kuniambia kwa upole, kama unavyomwambia mtu kuwa mbwa wake amekufa: "Mama, kitu kile huwezi kukivuta. Baba mwenyewe alisema."

Baba mwenyewe alisema. Miaka kumi na tisa nyuma, kiangazi cha 1998, tulipokuwa tumevuka mpaka wa Wyoming na kuipita Pine Bluffs, Delbert alinipa usukani kwa mara ya kwanza. Sikufika maili ishirini. Lori kubwa la mizigo lilitupita, upepo wake ukaigonga trela ubavuni, na trela ikaanza kutupa mkia huku na huku, ikiivuta pikapu pamoja nayo. Nilizungusha usukani nikaona ni mwepesi mno, hauna kazi yoyote, kana kwamba magurudumu ya mbele yalikuwa yameaga. Sijui niliisimamishaje kando ya barabara. Curtis, wakati huo ana miaka kumi na minne, alikuwa akilia kiti cha nyuma. Delbert alishuka, akazunguka akitazama matairi, akarudi na kufungua mlango wangu.

"Sogea," alisema. "Wewe si wa kuendesha."

Tangu siku hiyo ikawa kichekesho cha familia. Kila Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga akikatwa, mtu angeuliza habari za Verla, yaani mimi, na trela yake inayocheza dansi. Nami nilicheka nao. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilicheka, na nikapitisha mikate mitamu ya kolache huku nikicheka.

Delbert alikufa mwezi wa Februari. Mwezi wa Machi, nikitafuta hati za pikapu, nilikuta kwenye droo ya trela kitabu cha maelezo ya ile ndoano ya kuvutia trela. Kilikuwa bado kimo ndani ya nailoni yake. Hakikuwa kimefunguliwa hata mara moja. Nilikichana pale pale nikaanza kusoma, na baada ya hapo nilikisoma kila asubuhi kwenye meza ya jikoni kwa miezi miwili.

Jambo lenyewe si gumu, na hilo nalo lilinikasirisha. Pua ya trela ikikaa juu ya ndoano, nyuma ya pikapu inashuka na mbele inainuka. Matairi ya mbele yakipunguziwa uzito hayashiki barabara. Kwa hiyo ndoano ina nondo mbili nene za kusawazisha, zinazorudi nyuma chini ya trela, na kila nondo ina mnyororo mfupi mwishoni. Ukiukaza mnyororo, nondo zinafanya kama mtu anayeinua mikono ya toroli: uzito unarudishwa mbele, unakoutaka. Ukaze kiasi gani? Inategemea pete ipi ya mnyororo unaitia kwenye kishikizo. Na kitabu kilisema, kwa herufi nzito, kwamba pete haihesabiwi kwa kichwa. Inapimwa. Ukibadilisha gari, unapima upya.

Delbert alinunua ndoano ile alipokuwa na pikapu ya zamani, fupi. Mwaka 1996 akanunua hii, ndefu kama farasi. Hakupima. Tano ilikuwa tano.

Basi nilipima. Kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi ya mbele, pikapu ikiwa haijabeba kitu: inchi thelathini na sita. Niliandika kwa kalamu mgongoni mwa mkono wangu. Nikaunganisha trela bila nondo: thelathini na nane. Halafu nikamgeukia Milo.

"Haya, shemeji. Tutie hiyo tano yenu."

Tulitia ya tano pande zote mbili. Nilipiga magoti tena, tepu ikatoka. Inchi thelathini na nane kasoro robo. Nikamwita asome mwenyewe, maana mimi ningeambiwa macho yangu yamezeeka.

"Robo," alisema Milo.

"Robo tu. Kati ya inchi mbili, nondo za Delbert zinarudisha robo. Miaka ishirini na moja mbele ya gari hili imekuwa ikielea."

"Delbert alifika nayo mpaka Oregon."

"Kufika alifika."

Mmoja wa wale wa viti, Orville, mtu wa Kansas mwenye ndevu nyeupe, alikohoa. "Mama, vitabu hivyo huandikwa na watu wa ofisini. Kaza tu pete moja zaidi, twende."

"Kiti chako kinakutosha, Bwana Orville? Au nikuletee mto?"

Wenzake walicheka, yeye akazama kwenye kahawa yake. Pete moja zaidi isingetosha; kichwa chenyewe cha ndoano kilikuwa juu mno na kimesimama wima mno. Ilibidi kishushwe tundu moja, kisha kiinamishwe nyuma kwa kuongeza washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu, kwenye pini yake. Nilitenganisha trela tena. Bolti zilikuwa mbili, nene kuliko kidole gumba changu, zimekula kutu tangu zilipofungwa. Nilizimwagia mafuta, nikatia spana, spana haikutikisika. Milo akanyoosha mkono aipokee.

"Niachie, shemeji. Utajiumiza."

"Nikijiumiza, nitakuwa nimejiumiza mwenyewe."

Nilichukua bomba la chuma, nikalivika kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu, nikapanda juu yake kwa miguu yote miwili, nikishikilia mlango wa nyuma wa pikapu. Niliruka. Mara ya tatu bolti ilipiga ukelele uliowarusha ndege wa ziwani, ikaachia; ya pili haikusumbua. Nilitamani kuwageukia wale wanaume niseme kitu kikubwa, lakini sikuwa na pumzi.

Kichwa kile kilikuwa kizito kama ndama. Nilikishusha juu ya goti langu, nikaongeza washa tatu, nikakirudisha, nikakaza kwa bomba lile lile. Niliunganisha trela. Sasa ikabaki kutia minyororo, na hapa Orville akasahau kiti chake, akaja na fimbo ya chuma ya kukwezea, kwa kuwa hapo ndipo wanaume wa kambini huonyesha mabega. Delbert alifanya hivyo kila safari. Mwaka mmoja fimbo ilimponyoka ikamvunja jino la mbele, akasema ni bahati mbaya.

Sikuichukua fimbo. Nilizungusha jeki ya pua ya trela, ikapanda, na kwa kuwa ilikuwa imeshafungwa kwenye ndoano, ikainua mkia wa pikapu pamoja nayo. Minyororo ikalegea kabisa. Nikatia pete kwenye kishikizo kwa vidole viwili, kulia, kisha kushoto. Nikashusha jeki. Nondo zikapinda taratibu, zikapokea mzigo, na pua ya pikapu ikashuka mbele ya macho yetu sote.

Safari hii Milo alichukua tepu bila kuambiwa. Alipima, akapima tena, akavua kofia.

"Thelathini na sita na robo."

Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Viti vilikunjwa kimoja kimoja. Nikaketi kwenye ngazi ya trela yangu na mikono yangu myeusi, na nikaelewa kwamba sikuwahi kuwa dereva mbaya. Nilipewa gari bovu, kisha nikaambiwa ubovu ni wangu.

Tuliondoka saa tatu na nusu, kuelekea magharibi, bila kumngoja Curtis wala mnunuzi. Milo aliingia upande wa abiria bila kukaribishwa. Alisema lazima awepo mtu wa kupiga simu ya ambulansi.

Karibu na Sidney lori la kwanza lilitupita. Nililiona kwenye kioo likikua, nikabana meno. Upepo wake ulitusukuma, trela ikasogea kidogo upande, kisha ikarudi mahali pake. Usukani ulikuwa mzito mikononi mwangu, mzito vizuri. La pili likapita, na la tatu. Milo alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, na baada ya la tatu akaiachia.

"Kumbe ndivyo inavyotakiwa," alisema.

Tulikwenda maili kadhaa. Kisha akasema, akitazama dirishani, "Unakumbuka alivyokuwa akisimama kila maili hamsini?"

"Kukagua matairi. Na kahawa."

"Hakuwa akikagua matairi, shemeji. Alikuwa akingoja mikono iache kutetemeka. Aliniambia hospitalini. Trela ilimtikisa yeye vile vile, kila safari. Akanikataza nisikwambie."

Nilimpenda mume wangu miaka arobaini, na dakika ile ningempata ningemzaba kofi. Kisha nilimwona, amesimama nyuma ya trela mahali ambapo hatukumwona, mikono mifukoni, akingoja. Miaka yote ile, badala ya kupiga magoti mara moja na tepu. Nilimhurumia, na huruma haikuimaliza hasira. Zote mbili ninazo mpaka leo, na nina miaka sabini na sita.

Saa sita ilitukuta kwenye kituo cha mapumziko cha Pine Bluffs. Simu ililia nikiwa nanawa mikono.

"Mama, uko wapi? Mnunuzi yuko hapa, na hapa hakuna trela. Nimwambie nini?"

Nyuma ya sauti yake nilisikia upepo wa ziwa na mtu mwingine akiuliza kitu. Mwanangu alikuwa na hofu ya kweli, na nilijua aliitoa wapi: kwenye kiti cha nyuma cha pikapu hii hii.

"Mwambie ina mwenyewe," nilisema, nikakata simu, nikamwambia Milo afunge mkanda.